Neno "Exit" na Walioshika Funguo

Katika tamthilia nyingi za Kiswahili utakuta, ndani ya mabano, neno moja linalofanya kazi ya sentensi nzima: anatoka. Mhusika kamaliza maneno yake, anatoka. Wakiwa wengi, wanatoka. Mtendaji yumo ndani ya kitenzi chenyewe na hana haja ya kutajwa tena. Kilatini nacho hujenga kitenzi chake hivyo hivyo, ila humweka mtendaji mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. "Exit" ni "anatoka", na "exeunt" ni "wanatoka". Waandishi wa michezo ya kuigiza wa Uingereza wa karne ya 16 waliyachukua maneno hayo kama yalivyo, na tamthilia za Shakespeare zimejaa maelekezo ya namna hiyo. Wakati ule "exit" ilikuwa bado habari ya mtu na tendo lake: fulani anaondoka jukwaani kwa miguu yake.

Neno halikubaki jukwaani. Sikio la Mwingereza halikusikia mtendaji yeyote ndani ya silabi hizo mbili, kwa hiyo alilifanya nomino. Likawa jina la kitendo cha mwigizaji kutoka, kisha la kutoka kokote, likatumika kwa kifo, na hatimaye likawa jina la mlango wenyewe wa kutokea. Leo liko juu ya milango ya kumbi za sinema, kwenye barabara kuu, kwenye kompyuta, kwenye viza, kwenye mikataba ya wawekezaji na kwenye vichwa vya habari za siasa. Mimi naona mabadiliko hayo si ya sarufi tupu. Kutoka kulipokuwa kitenzi, kulikuwa jambo analolifanya mtu. Kulipokuwa nomino, kukawa kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukimiliki, kukifunga, kukiuza au kukunyima. Ndiyo maana kila ninapokutana na neno hili swali langu la kwanza ni nani ameshika ufunguo.

Kiingereza kina maneno mengine ya kuondoka, kama "leave", "depart" na "quit", na "leave" ndilo la kila siku. "Exit" linadai kuwe na ndani na nje, na mpaka kati yake. Kwa hilo linafanana na kutoka kwetu, ambako nako kunahitaji ndani, iwe ni nyumba, gari, kikao au kifungo. Kuondoka hakudai ukuta wowote. Unaweza kuondoka hata ulipokuwa umekaa chini ya mwembe. Kuhama ni pamoja na vyombo vyako. Kujitoa ni uamuzi wa mwanachama, kujiuzulu ni kwa mwenye cheo, na kutoroka ni pale ambapo kuna anayekuzuia. Kuna pia kutolewa, ambako ni jambo tofauti kabisa. Waasia wa Uganda waliopewa siku 90 na Idi Amin mwaka 1972 walitolewa, na Kiswahili kinaeleza hivyo kwa kubadilisha viambishi vya mzizi ule ule wa kutoka. "Exit" halina uwezo huo. Halisemi kama aliyetoka alitaka, alilazimishwa au alitoroka. Hata kwenye msiba tunasema marehemu "ametutoka", na sisi tuliobaki tumo ndani ya neno. Kufariki nako, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kutengana.

Waingereza wenyewe hawakulikubali neno hili kila mahali. Kwenye stesheni za reli za chini ya ardhi za London hadi leo kibao kinaandikwa "Way out", njia ya kutokea, kwa maneno ambayo mtoto wa shule anayaelewa bila kujua Kilatini. Wamarekani ndio walioliandika "EXIT" kwa herufi kubwa, mara nyingi nyekundu, kwa amri ya kanuni za majengo. Historia ya kanuni hizo ni historia ya watu waliokufa mbele ya milango.

Mwaka 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, watoto walioketi ghorofani waliona zawadi zinagawiwa chini mwisho wa onyesho. Walikimbilia ngazi. Mlango wa chini ulikuwa unafunguka kwa ndani, nao ulikuwa umebanwa na komeo ili apite mtoto mmoja mmoja. Watoto 183 walikufa kwa kubanana, na wala hapakuwa na moto. Miaka 20 baadaye, Desemba 1903, jumba la michezo la Iroquois mjini Chicago liliwaka moto onyesho likiendelea, na watu wapatao 600 wakafa. Baadhi ya milango ilikuwa imefichwa nyuma ya mapazia, mingine ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua gizani. Carl Prinzler, mfanyakazi wa duka la vifaa vya chuma la Vonnegut huko Indianapolis, alitarajiwa kuwa ukumbini siku hiyo lakini hakwenda. Alishirikiana na msanifu wa majengo Henry DuPont kutengeneza kile kipande cha chuma kinacholala katikati ya mlango, ambacho ukikisukuma kwa tumbo au kwa nyonga mlango unafunguka. Kiliingia sokoni mwaka 1908. Ukikiona hospitalini au kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano, jua kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hana nafasi hata ya kuinua mkono.

Kisha ukaja moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, tarehe 25 Machi 1911. Walikufa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Kwenye ghorofa ya tisa mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu wenye kiwanda waliwapitisha wafanyakazi mlango mwingine ili mikoba yao ikaguliwe, wasije wakaiba vitambaa. Vifo hivyo viliifanya taasisi ya Marekani ya kujikinga na moto, NFPA, iunde kamati ya usalama wa maisha mwaka 1913, na mwaka 1927 ikatoa kanuni zilizobeba neno letu kwenye jina: Building Exits Code. Zilieleza upana wa milango, idadi yake, inafunguka kuelekea wapi, na kwamba mtu aliye ndani asihitaji ufunguo kutoka. Mwaka 1966 kanuni hizo zilibadilishwa jina zikaitwa Life Safety Code. Nalipenda badiliko hilo, kwa sababu kanuni ziliacha kuitwa jina la mlango zikaitwa uhai wa anayetoka.

Japani ilikwenda mbali zaidi, ikauliza kama neno lenyewe linafaa. Moto wa duka kubwa la Sennichi mjini Osaka mwaka 1972 uliua watu 118, na mwaka uliofuata moto wa duka jingine la Kumamoto ukaua zaidi ya 100. Vibao vilikuwepo, lakini maandishi ndani ya moshi hayasomeki kwa haraka. Ndipo ikapatikana picha ya mtu wa kijani anayekimbia kuelekea mlangoni, kazi iliyokamilishwa na msanifu Yukio Ota, ambayo baadaye ilikubaliwa kuwa alama ya kimataifa. Leo iko kwenye viwanja vya ndege, hoteli na maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam. Mtu karudi kwenye alama: si jina la mlango tena, ni mtu anatoka.

Kwetu somo hili bado halijafika kwenye mabweni. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa. Mmoja kati ya milango miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla, wasichana 26 walikufa katika bweni la Bombolulu huko Pwani. Tanzania ilikuwa na msiba wake wa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaosema mambo yanayoeleweka na fundi yeyote. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje. Usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Kuwe na mlango kila upande, na wa tatu wa dharura katikati, ulioandikwa waziwazi. Madirisha yasiwe na vyuma. Septemba 2024, miaka 16 baada ya mwongozo huo, wavulana 21 walikufa katika bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri.

Sababu za kufunga hazijabadilika tangu Triangle: kuzuia wizi na kuzuia watu kutoka bila ruhusa. Mwalimu mkuu anaogopa wanafunzi wataruka ukuta usiku, mzazi anaogopa wezi, na wote wawili wanaona kufuli kama ulinzi. Majumbani ni hivyo hivyo. Nyumba zetu nyingi za mjini zina nondo kila dirisha na geti la chuma kwenye mlango wa mbele, na usiku ufunguo unalala chumbani kwa baba, pengine chini ya mto. Yaya na watoto wako chumba kingine. Sidhani tunahitaji kuacha kuogopa wezi. Lakini dirisha moja katika kila chumba cha kulala linaweza kuwa na nondo zenye bawaba na komeo la ndani, na mafundi wetu wa kuchomelea vyuma wanaijua kazi hiyo vizuri. Ukimwagiza fundi grili, mwagize na hilo.

Matumizi mengine ya neno nitayapitia haraka. Kwenye barabara kuu za Marekani ni mahali pa kuchepuka, nako hupewa namba. Kwenye kompyuta, programu ikimaliza kazi hurudisha namba kwa iliyoianzisha, na sifuri maana yake kazi imekwenda salama. Sisi kwenye simu tunaona "Toka" au "Ondoka", na wafasiri waliochagua kitenzi walifanya vyema. Kwa wawekezaji wanaofadhili kampuni changa, pamoja na wa Nairobi, "exit" ni siku ya kuuza hisa na kuondoka na faida. Kijana aliyeanzisha kampuni afahamu kwamba mwenye fedha aliijia siku hiyo tangu mwanzo. Uswisi kuna chama kinachoitwa Exit, kilichoanzishwa mwaka 1982, kinachowasaidia wagonjwa wanaoamua kukatisha uhai wao. Huko neno limerudi kwenye maana yake ya kale ya kifo, na mjadala wake unahitaji makala yake yenyewe.

Aliyelifikiria neno hili kwa kina kuliko wote ni mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake Exit, Voice, and Loyalty cha mwaka 1970. Anasema mtu asiyeridhika na huduma, chama au nchi ana njia mbili: kuondoka, au kupaza sauti. Uaminifu ndio unaomfanya asite kuondoka na ajaribu kwanza kusema. Wazo hilo lilimjia Nigeria. Aliona shirika la reli linazidi kudorora ilhali malori yalikuwa yanachukua wateja wake. Wachumi wangetarajia ushindani uliamshe shirika. Ilikuwa kinyume, kwa sababu wateja wenye haraka na wenye uwezo wa kupiga kelele ndio waliohamia kwenye malori, na serikali ikaendelea kulibeba shirika. Waliobaki kwenye reli hawakuwa na nguvu ya kusikika.

Maelezo hayo naona yanazieleza shule zetu za umma kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ikafanya hivyo miaka miwili kabla. Madarasa yakafurika. Mzazi mwenye mshahara, anayejua kuandika barua kwa ofisa elimu, ambaye angesimama kwenye mkutano wa wazazi na kudai vyoo na walimu, akampeleka mwanawe shule ya binafsi. Simlaumu, kwa sababu mtoto ana miaka yake michache tu ya kusoma. Lakini alipoondoka, aliondoka na sauti yake. Hospitali za umma nazo zinadhoofika kwa njia hiyo hiyo pale anayepanga bajeti ya hospitali hizo anapotibiwa ng'ambo. Baadaye Hirschman aliongeza jambo kutokana na Ujerumani Mashariki ya mwaka 1989, ambako kuondoka na kusema vilitiana nguvu: maelfu walipopata upenyo wa kuhama, wengine walijitokeza barabarani Leipzig wakitangaza kwamba wao wanabaki. Serikali iliyokuwa na ukuta ikajikuta haina jibu kwa wanaoondoka wala kwa wanaobaki.

Siasa za karne hii zimelipenda neno mno. Wachumi wa benki ya Citigroup waliunda "Grexit" mwaka 2012 kwa ajili ya Ugiriki, na mwaka huo huo "Brexit" ikafuata. Waingereza walipiga kura tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakataka kujitoa Umoja wa Ulaya, na walitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Neno lilifanya jambo lionekane jepesi, kama kufungua mlango na kupita, ilhali ilikuwa miaka mitatu na nusu ya kugawana mali, mipaka na haki za watu. Kiswahili cha redio kilisema "kujitoa", na kilikuwa sahihi zaidi, kwa kuwa kujitoa kunabeba ndani yake uanachama na gharama ya kuuvunja.

Hirschman mwenyewe aliyaishi haya ya kuondoka na kuzuiwa kabla ya kuyaandika. Alizaliwa Berlin mwaka 1915 katika familia ya Kiyahudi, akaihama Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka. Mwaka 1940 alikuwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, akimsaidia Mmarekani Varian Fry kuwatorosha wakimbizi. Wengi wao walikuwa na viza ya kuingia Marekani. Walichokosa ni kibali cha Ufaransa cha kutoka. Hirschman aliwatafutia njia za milimani kuingia Hispania. Mwanafalsafa Walter Benjamin aliipanda milima hiyo mwezi Septemba, akiwa na viza ya Marekani na ya kupita Hispania, bila kibali cha kutoka Ufaransa. Polisi wa mpakani Hispania walimwambia atarudishwa. Alifia kwenye mji wa mpakani wa Portbou.

Mwaka 1948 Tamko la Haki za Binadamu lilisema, katika ibara ya 13, kwamba kila mtu ana haki ya kuondoka katika nchi yoyote, ikiwemo yake mwenyewe. Hata hivyo kibali cha kutoka hakikufa. Eritrea bado inakidai kwa raia wake. Na dada zetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba wanalijua neno "exit" kuliko mwanafalsafa yeyote.

Chini ya utaratibu wa kafala, mfanyakazi anaingia nchini kwa jina la mwajiri, yaani kafili. Saudi Arabia ina viza mbili za kutoka. Ipo ya kwenda na kurudi, kwa anayekwenda likizo, na ipo ya mwisho, ambayo Waarabu huiita khuruj nihai na Waafrika Mashariki huiita "final exit". Kwa mfanyakazi wa nyumbani, viza hiyo huombwa na mwajiri kwenye mtandao wa serikali. Msichana aliyemaliza mkataba wake wa miaka miwili anaweza kuwa ameshafunga begi, ameshanunua zawadi za nyumbani, na asiweze kupita uwanja wa ndege kwa sababu mama mwenye nyumba hajapata yaya mwingine. Pasipoti yake mara nyingi iko kabatini kwa mwajiri, ingawa sheria inakataza. Akiondoka nyumba ile bila idhini, mwajiri anaweza kuripoti kwamba ametoroka, huroob, na hapo anakuwa mtu asiye na hati, wa kukamatwa na kupelekwa tarhil, kituo cha kuwarudisha watu makwao.

Qatar ilifuta kibali cha kutoka kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na Januari 2020 ikawaongeza wafanyakazi wa nyumbani, kwa sharti la kumjulisha mwajiri saa 72 kabla. Saudi Arabia ilifanya mageuzi yaliyoanza tarehe 14 Machi 2021, ambayo yaliwaruhusu wafanyakazi walio chini ya sheria ya kazi kuomba wenyewe viza ya kutoka. Wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa majumbani, watunza bustani na wachunga mifugo waliachwa nje ya mageuzi hayo. Hao ndio wengi wa watu wetu.

Kiswahili cha huko kimejiundia msamiati. Wakenya wanamwita aliyeikimbia nyumba ya mwajiri na kufanya vibarua kwa siri "kemboi", jina la Ezekiel Kemboi, bingwa wa Olimpiki wa mbio za kuruka viunzi na maji wa mwaka 2004 na 2012. Jina hilo lina heshima ndani yake. Linamtambua mtu anayekimbia na kuruka alichowekewa njiani, na halimwiti mhalifu kama karatasi ya huroob inavyomwita. Lakini kemboi anaishi bila bima na bila mshahara wa uhakika, na siku akitaka kurudi kwao anarudi pale pale: nani atampa "exit".

Anayejiandaa kwenda, au mzazi anayemsindikiza binti kwa wakala, ayaulize haya kabla ya kutia saini. Pasipoti itakaa na nani? Viza ya kutoka inaombwa na nani, na siku ngapi kabla ya mkataba kwisha? Tiketi ya kurudi analipa nani ikiwa mkataba utavunjika katikati? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, katika lugha anayoisoma. Nakala ya mkataba, ya pasipoti na ya viza, pamoja na namba ya ubalozi wa nchi yake na anwani ya nyumba atakayofanyia kazi, vibaki kwa ndugu mmoja nyumbani ambaye simu yake haizimwi.